Nusu Inchi

Mtaani walimwita Rula. Jina hilo alibandikwa na madereva wa malori, kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka dukani kwake na rimu kabla yeye hajaipima mara tatu: mara moja akiwa amechuchumaa, mara moja akiwa amesimama, na mara ya tatu baada ya kwenda kunywa maji na kurudi, kana kwamba chuma kingeweza kurefuka akigeuza kisogo. "Huyu ukimwalika msibani atapima jeneza," walimtania. Naye alicheka nao, kicheko kile cha kuishia menoni.

Duka lilikuwa chumba kirefu chini ya paa la bati. Rimu zilitundikwa kwenye misumari minene kuanzia sakafuni hadi darini, za chuma kushoto, za aloi kulia. Mgeni mwenye jicho kali angegundua kwamba zote zilikuwa zimekwanguliwa rangi mahali pamoja, pale penye namba. Hata zile mpya kabisa, zinazong'aa kama kioo, zilikuwa na hako kakovu.

Jambo jingine walilolijua watu ni kwamba Rula hajazi upepo. Aliuza rimu, alichagua matairi, alifunga nati, lakini kujaza upepo alimwachia jirani yake, fundi wa pancha. Kompresa ikianza kuunguruma, Rula alitoka uani kunawa mikono. Alinawa hadi kelele zikome, hata kama mikono ilikuwa safi. Fundi wa pancha alidhani jirani yake ni mtu wa usafi kupita kiasi. Nyumbani, mkewe alikuwa amejifunza kumjazia kikombe bila kumuuliza, kwani miaka ile ya mwanzo ya ndoa aliwahi kumwambia, "Nikuongezee kidogo?" akamwona mumewe anageuka rangi, kikombe kinamponyoka. Hakueleza sababu. Mke naye akaacha kuuliza.

Asubuhi moja ya jua kali, pikapu nyeupe yenye matope hadi madirishani iliingia uani ikichechemea. Aliyeshuka alikuwa mpwa wake, binti wa pekee wa dada yake mkubwa. Alikuwa daktari wa mifugo, mwaka wa pili kazini, na kazi yake ilikuwa kupita huko ambako barabara ni mawe na mito mikavu, kuchanja ng'ombe.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona gari linachechemea kama limechanjwa lenyewe?"

Binti akacheka, akapiga teke tairi la mbele. "Mawe yamenimalizia rimu. Mbili zimepasuka, moja imepinda, ya nne sina imani nayo. Lakini matairi tazama, bado mapya! Niliyafunga miezi mitatu tu iliyopita. Siwezi kuyatupa. Nitafutie rimu za kuyavaa."

Rula alichuchumaa. Yalikuwa matairi ya njia mbaya, yenye meno makubwa kama magego ya ngamia na mbavu nene pembeni. Akapitisha kidole juu ya maandishi: upana mia mbili sitini na tano, na mwisho wa mstari, herufi moja na namba mbili. Kumi na sita.

Kidole chake kikabaki pale pale.

"Nenda kwa yule wa barabara kuu," alisema bila kuinua uso. "Ana mzigo mpya."

"Mjomba, unanifukuza?"

"Sikufukuzi."

"Mama kaniambia nisifungiwe gurudumu na mtu mwingine. Anasema wewe ndiye uliyetulea, na gari lenyewe ni mtoto wako."

Neno hilo lilimchoma. Dada yake alikuwa na tabia ya kumsifu mbele za watu. Huyu ndiye aliyetushika mkono baba wa huyu binti alipoondoka. Huyu ndiye aliyepeleka sare za shule. Kila sifa ilikuwa kama mtu anabonyeza jipu, naye alizoea kukaa kimya na kutabasamu hadi wabadilishe mazungumzo.

Akapiga moyo konde. "Haya. Ingia tuchague."

Macho ya mpwa yakaenda moja kwa moja kwenye seti ya aloi nyeusi, pana, zilizotundikwa mbele. "Hizo! Mwanamke akishuka kwenye gari lenye hizo, wafugaji watainuka wote kumsalimia."

"Hizo zina upana wa inchi kumi. Tairi lako linataka saba, mwisho nane. Ukilivalisha hiyo, midomo yake, zile kingo zinazokamata rimu, inavutwa nje, ubavu unabaki uchi, jiwe la kwanza tu linauchana." Alizungumza haraka sasa, kazi ilimpa pumzi. "Tena rimu si duara tu, mama. Matundu ya nati lazima yawe sita, na umbali kati yake uwe uleule. Tundu la katikati likae vizuri kwenye gari lako, lisicheze. Halafu tazama inavyokaa ikishafungwa: ikiingia ndani mno, tairi linasugua vyuma vya chini, ikitoka nje mno, linagonga bodi kila ukikata kona na kuua beringi. Na ibebe uzito. Wewe unabeba majokofu ya chanjo."

Akashusha rimu nne za chuma, nyeusi zisizong'aa, za kawaida kama sufuria ya jikoni.

"Mbaya!" alisema mpwa.

"Mbaya, lakini chuma kikipinda kwenye mawe utakigonga kwa nyundo urudi nyumbani. Aloi ikipasuka huko utalala na ng'ombe."

Zilikuwa zimefika wiki ile ile, zikiwa zimepakwa rangi upya na aliyemuuzia. Rula akatoa kisu kifupi mfukoni, akaanza kukwangua penye namba. Vumbi jeusi likaanguka mapajani mwake. Alikwangua ya kwanza, ya pili, akipuliza, akikwangua tena, hadi chuma cheupe kikaonekana na namba ikasimama wazi.

"Kwa nini unaharibu rangi?" mpwa aliuliza. "Si imeandikwa kumi na sita, inaonekana."

"Inaonekana kumi na sita."

"Basi?"

Akafuta kisu kwenye suruali. Na hapo, mchana kweupe, akaisikia tena ile sauti aliyoisikia kwa miaka ishirini na miwili, upepo ukiingia kwenye bomba, mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi kupitia meno. Kompresa ya jirani ilikuwa imezimwa. Alijua imezimwa. Alitazama mlangoni, halafu akamtazama binti, na akaona kidevu kile, kidevu kile kile cha marehemu shemeji yake, baba wa binti, kikisubiri jibu.

"Kuna rimu za kumi na sita na nusu," alisema. "Za zamani. Ukiwa huna jicho, zinafanana. Tairi la kumi na sita linaingia juu yake kwa kulazimisha, lakini midomo haikai. Unaongeza upepo ikae, haikai. Unaongeza tena. Waya ulio ndani ya mdomo unakatika. Likipasuka, ni kama bomu."

Mpwa aliacha kutazama rimu. Alijua baba yake alikufa akifunga tairi. Wakati huo yeye alikuwa na miaka minne. Alichoambiwa ni ajali ya kazini, bahati mbaya.

"Baba," alisema.

"Tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nimenunua rimu kuukuu kwenye lundo la vyuma. Nikazisugua, nikazipaka rangi ya fedha, mara mbili, zipendeze. Rangi ikajaa kwenye nukta na ile tano. Ikabaki kumi na sita. Nikampa baba yako nikamwambia hii ni saizi yake. Yeye alipiga magoti kushika tairi, mimi nilikuwa kwenye kompresa." Akaweka kisu chini. "Baadaye, walipoondoka wote, niliikwangua kwa msumari. Nikaiona ile tano. Nikaiviringisha ile rimu hadi kwenye shimo la machimbo, nikaisukuma. Waliokuja kuuliza niliwaambia tairi lilikuwa bovu."

Nje, mnunuzi wa chupa alipita akiita. Sauti yake ikaenda, ikapotea.

"Nani alipaka rangi?" mpwa aliuliza, taratibu, kama anayehakikisha kipimo cha dawa.

"Mimi."

"Na upepo?"

"Mimi."

"Mama anajua?"

"Hapana."

Binti akasimama. Hakulia, hakupiga kelele. Alikunguta vumbi jeusi lililomrukia kwenye suruali. "Gari nakuachia. Usilifunge chochote. Nenda kwanza kamwambie," akasema, akatoka kwa miguu.

Dada yake alikuwa na kibanda cha dobi nyuma ya nyumba, mashuka ya nyumba za wageni yakiwa yametundikwa kama kuta. Rula alifika kesho yake saa nne asubuhi. Alimkuta akipiga pasi. Alimwambia yote akiwa amesimama kati ya mashuka mawili, bila kukaa, bila kujitetea, akiogopa kwamba akikaa hataweza kumaliza. Kivuli cha mtu kilipita nyuma ya shuka, akadhani ni yeye, yule marehemu, maana kwa miaka yote hiyo vivuli vyote vilikuwa na mabega yake. Kumbe alikuwa jirani anakwenda kuchota maji.

Dada aliiweka pasi wima.

"Alisema nini mwisho?" aliuliza.

Rula hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Tangu siku ile ya ajali, miaka ishirini na miwili, hakuna aliyemuuliza tena.

"Alisema, 'Haijakaa bado. Ongeza kidogo.'"

Dada akaziba mdomo kwa mkono. Mwanzoni ilionekana kama kicheko, kwani mume wake alikuwa hivyo hivyo kwa kila kitu, kwa sukari, kwa chumvi, kwa redio, ongeza kidogo, ongeza kidogo. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Nimemlilia mtu ambaye sikujua alifunga mdomo kwa neno gani," alisema. "Nilikuuliza siku ile ile, ukaniambia hakusema kitu. Rangi ni rangi, hata mimi nisingeiona ile tano. Lakini neno la mume wangu ulilikalia wewe. Ulilala nalo wewe. Ukaja kula kwangu nalo liko tumboni!"

"Dada…"

"Toka. Usije hapa mpaka nikuite."

Akatoka. Njia nzima alihisi kuna mtu anatembea nyuma yake, hatua kwa hatua, na mara hii hakugeuka kutazama.

Mpwa alirudi dukani siku ya tatu. Hakusalimia kama kawaida, lakini alisalimia. "Mama kaniambia umekwenda," alisema. "Nina chanjo Jumatatu. Funga."

"Nimwite jirani aje na kompresa yake."

"Si umesema umepima?"

"Nimepima."

"Basi jaza mwenyewe. Nataka kukuona ukijaza."

Walizisoma namba pamoja, rimu zote nne, halafu namba za matairi yote manne, yeye akitaja kwa sauti na binti akirudia. Rula alipaka maji ya sabuni kwenye midomo ya tairi, akalivalisha, akaliingiza kwenye kizimba cha chuma cha kuzuia mlipuko, ambacho fundi wa pancha hutumia kwa malori. Akaunganisha bomba refu, akarudi nyuma hadi ukutani, na kumwamuru mpwa atoke nje ya mlango. Kisha akafungua upepo.

Sauti ikaingia. Jasho lilimtiririka mgongoni. Aliona, waziwazi kama anavyoiona mikono yake, mtu amepiga magoti kando ya kizimba, ameinamisha kichwa kusikiliza. Rula hakwenda kunawa. Alikaza macho kwenye mshale wa kipimo. Pa! Mdomo mmoja ukakaa. Pa! Wa pili. Mshale ukapanda polepole hadi palipotakiwa, akafunga upepo, na mahali pale kando ya kizimba hapakuwa na mtu.

Alifanya hivyo mara nne. Kila mara yule mtu alikuwapo, na kila mara midomo ilipokaa, hakuwapo. Fundi wa pancha alisimama kwa mbali, mdomo wazi.

Mpwa akaondoka na rimu zake mbaya. Wiki mbili baadaye alipiga simu kutoka porini kuuliza kama kuna haja ya kukaza nati tena. Rula alimwambia ndiyo, na kwa mpangilio gani. Walizungumza hilo tu.

Dada alimwita mwezi wa tatu tangu amfukuze. Hakumkaribisha chai. Mezani alikuwa ameweka daftari na kalamu.

"Andika," alisema. "Yote. Huyu binti atazaa, watoto watauliza, na mimi na wewe hatutakuwepo. Maneno ya mdomo kila mtu anayakata anapotaka."

Rula hakuwa mtu wa kuandika; tangu atoke shule aliandika vipimo tu. Ilimchukua siku tatu kwenye meza ile, dada akipiga pasi chumba cha pili. Aliandika lundo la vyuma, rangi ya fedha, kompresa, magoti, msumari, shimo. Aliandika lile neno. Aliandika marehemu alikuwa amevaa shati la bluu.

Dada akavaa miwani, akasoma akiwa amesimama, mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Alipofika karibu na mwisho aliacha kusoma, akavuta kiti, akakaa karibu na kaka yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Halikuwa la bluu," alisema. "Nililifua mimi usiku wa kuamkia siku ile, nikalipiga pasi asubuhi. Lilikuwa la kijivu, lenye kifungo kimoja cheusi nilichokishona kwa haraka."

Akachukua kalamu, akakata neno moja, akaandika lingine juu yake kwa herufi kubwa.