Fundi wa Nguo na Picha Mbili

Kila baada ya wiki tatu fundi wa nguo huja kutundikiwa dripu ya dawa inayoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani ya umio, ambayo ilikwisha kusambaa hadi kwenye ini. Muuguzi anamjua kwa vidole vyake, visivyotulia, vinavyopapasa pindo la shuka kana kwamba vinatafuta mshono. Fundi huumeza uji kijiko kimoja kimoja, mkono kooni, kisha humtania muuguzi: “Hilo koti limekupwaya, mwanangu. Aliyelishona alikuwa na haraka zake.”

Leo daktari aliingia na picha mbili za vipimo vya fundi, ya zamani na mpya, akauliza kwa sauti ya chini kama hazikuchanganywa na za mtu mwingine. Hazikuchanganywa. Uvimbe wa umio umesinyaa, na madoa ya ini karibu yote yametoweka. Muuguzi alijikuta ameketi kitandani kwa mgonjwa, jambo asilowahi kulifanya. Fundi hakucheka wala hakulia.

“Na yule mama tuliyeanza naye siku moja?” aliuliza. “Dawa si ilikuwa hii hii?”

“Ilikuwa hii hii, baba,” muuguzi alijibu, akainuka kuiangalia dripu. Yule mama alizikwa Jumanne.