Mkaratusi Wenye Alama za Mtoto

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kukagua miti ya mjini, huku ughaibuni ilikotoka mikaratusi, msimamizi wetu wa kitongoji cha Blacktown alinipa utepe wa kupimia na nyundo ya mbao. "Zungusha utepe usawa wa kifua," akasema, "kisha gonga. Mti mzima hulia mkavu. Wenye pango huguna." Mimi Mrundi niliyekata kuni za mikaratusi kambi ya wakimbizi Kigoma nikacheka kimoyomoyo: mti gani wa kupimwa kama mgonjwa? Baada ya wiki moja sikucheka tena.

Walowezi wa kwanza wa nchi hii hawakupima hivyo. Unene waliuchukua chini kabisa, kwenye uvimbe wa mizizi, wapate cha kujisifia. Urefu waliujua mti ukishalala, wakivuta mnyororo wa mpima ardhi kutoka kisiki hadi kilele. Yaani ili ujue kimo cha jitu, sharti uliue kwanza. Magome waliezekea, mbao wakajengea gati na madaraja, na waliokuwa hawajajenga walihamia ndani ya miti yenye pango, wakawasha moto humo. Hili la mwisho nililisikia kwa wakubwa zangu nikadhani ni porojo.

Mwaka wangu wa mwisho nilitumwa kitongoji cha Minto pamoja na Wambui, Mkenya, dereva wetu. Mkaratusi tuliotumwa kuukagua, watu wanane wasingeuzunguka kwa mikono. Nyuma yake kulikuwa na nyumba. Niligonga mara tatu. Ndani kukagongwa mara tatu.

"Ni possum, Mzee," Wambui akasema, akimtaja mnyama mdogo alalaye mitini. "Andika report twende, bana."

"Possum gani anajua kuhesabu?"

Nikaingia pangoni na tochi. Ukutani kulikuwa na masizi ya zamani, na pembeni alama nne za kisu, moja juu ya nyingine, kama mzazi anavyompima mtoto akikua. Ya nne ilinifika kiunoni. Juu yake hapakuwa na nyingine. Binti yangu nilimzika kambini akiwa na kimo hichohicho.

Kuta za mti zilikuwa nyembamba mno. Nikiandika kweli, unakatwa. Nikidanganya, siku moja utawaangukia watu majumbani mwao. Nikaandika kweli.

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana mnaoingia kazi hii mnaniuliza nilijifunza nini. Kupima ni rahisi; kigumu ni kinachofuata. Asubuhi ya kukata niliwaomba wenye misumeno wanisubiri, nikaingia pangoni peke yangu. Nje jua lilikuwa kali, ndani baridi ya ajabu. Nikasema kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu ni cha ripoti tu: "Mwanangu, hapa panavunjwa. Toka, twende." Niliogopa, sifichi. Nikanyoosha mkono chini, nikangoja, kisha nikatoka.

Nilitembea hadi garini polepole, kwa hatua fupifupi, mkono bado nimeunyoosha chini. Wambui alikuwa amesimama kando ya gari. Alinitazama usoni, akautazama ule mkono, asicheke. Akafungua mlango wa nyuma, akangoja kidogo, akaufunga taratibu.