Pindo la Shati la Clifford

Rosella Vrabel hakulia walipolikata shati. Aliniambia hivyo mara tatu Jumanne iliyofuata katika jiko la shule, huku akikatakata vitunguu vya supu ya watoto mia mbili.

"Usidhani ni vitunguu, mwalimu," alisema, akijifuta macho kwa kiwiko. "Na usidhani ni majonzi. Ni hasira."

Yeye ni mpishi wa shule yetu, mimi nafundisha historia, na kati ya nyumba zetu kuna ukuta mfupi wa mawe tu. Mumewe, Clifford, alifariki mwezi Machi mwaka ule. Kwa miaka thelathini Clifford ndiye aliyekuwa akiua kulungu, na Rosella ndiye aliyekuwa akichuna, kukata, kusaga na kufunga. Friza yao ikijaa kabla ya Krismasi, hawakununua nyama mpaka majira ya joto. Kwa hiyo msimu wa kuwinda ulipofika, Rosella alikata leseni kwa jina lake, akaenda kulala kwenye kitanda cha mumewe kule kwenye kambi ya wawindaji msituni, amevaa shati la mumewe la sufu, la miraba myekundu na myeusi, lenye tundu kwenye kiwiko mahali lilipounguzwa na jiko la kuni.

Kitu ambacho hakukichagua mwenyewe ni bunduki. Ya Clifford ilikuwa imekwenda Ohio na mtoto wao. Merle, kaka yake Clifford na mkubwa wa kambi, akamwazima ya kwake ya akiba, magnamu, ambayo risasi yake ni ndefu kuliko kidole cha kati cha mwanamume. Bunduki ya namna ile ni ya kumpigia mnyama mkubwa kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Huku kwetu Pennsylvania misitu imebanana, na kulungu humwoni mpaka awe hatua sabini kutoka ulipo.

"Wewe mdogo, shemeji," Merle alimwambia. "Bunduki kubwa itakufidia."

Rosella hafiki futi tano. Alipoijaribu mara mbili nyuma ya ghala, ilimpiga teke la begani akabaki na alama ya zambarau hadi kwenye titi. Hakumwambia mtu. Siku ya kwanza ya msimu, dume lenye pembe za ncha nane lilisimama mbele yake, ubavu wazi, kama limepakwa gundi. Akafumba macho, akafyatua, akakosa.

Katika kambi zetu anayekosa hukatwa pindo la shati. Hukatwa kwa kisu, jina lake huandikwa kwa wino mzito, na kile kipande hupigiliwa misumari ukutani juu ya jiko. Watu hucheka, aliyekatwa naye hucheka, mayai ya kuchemsha yaliyolowekwa katika siki nyekundu yanapitishwa. Clifford mwenyewe alikuwa na vipande vinne pale na alivionea fahari.

"Merle, ngoja," Rosella alisema. "Nina shati jingine ndani. Kata hilo."

"Sheria ni shati la nje, shemeji."

"Hili ni la Clifford."

"Basi Clifford atafikisha vipande vitano!"

Wanaume wanane walicheka. Kisu kikapita. Rosella akauliza, kwa sauti ambayo nadhani hakuna aliyeitambua, kipande kinatokaje pale ukutani. Merle, bado akifurahia maneno yake, akajibu kwamba kinatoka siku mwenyewe atakapoangusha kulungu kwa risasi moja, siku ya kwanza ya msimu, ndivyo alivyosema babu yao. Hakuna aliyewahi kuisikia sheria hiyo. Aliitunga palepale, ili watu wacheke tena.

"Wanane wamesikia," Rosella alisema.

Mwezi Agosti wa mwaka uliofuata alinigongea mlango. "Twende kwa Kline. Nataka shahidi mwenye elimu, nisije nikauziwa takataka."

Mzee Kline anauza bunduki kuukuu nyuma ya duka lake la misumari na mbolea. Rosella alimweleza kabla hata ya salamu kwisha: hana fedha za kuchezea, mikono yake ni mifupi, na hataki kusikia neno magnamu.

"Nani alikutia kwenye magnamu, mama?"

"Mjinga mmoja."

"Merle," Kline alisema, na hakusubiri ajibiwe.

Akaweka tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ile ya zamani ya kukokwa kwa wenzo wa chini, ya risasi iitwayo thelathini-thelathini, ambayo kila babu wa hapa alikuwa nayo. Rosella aliipenda, lakini ya kuukuu siku hizi wakusanyaji wameipandisha bei, na kulenga bila darubini kwa macho ya miaka hamsini na sita ni kujidanganya. Ya pili ilikuwa ya thelathini-sifuri-sita. Kline alisema inaua kila kitu kinachotembea Pennsylvania, ila teke lake ni binamu wa lile la magnamu. Ya tatu ilikuwa imekunjika katikati kama kalamu iliyovunjika. Unatia risasi moja, unafunga, unapiga, basi. Haina ya pili. Risasi yake ni ile waiitayo mbili-arobaini-na-tatu.

"Hiyo si ya watoto?" niliuliza. Nilikuwa nimesikia wanaume wakisema hivyo maisha yangu yote.

"Ya watoto ndiyo," Kline alisema. "Na kila mwaka watoto wanarudi na nyama, baba zao wanarudi na hadithi. Kulungu hajui umempiga kwa bei gani, mwalimu. Anajua umempiga wapi. Chukua risasi za gramu sita na nusu, mama, siyo zile nyepesi za mbweha. Hizo zinapasukia juu juu. Na risasi hizi hutahangaika kuzitafuta, hata kituo cha mafuta wanazo."

"Kiasi gani?"

"Mia mbili na ishirini, pamoja na darubini. Darubini si nzuri sana, lakini haina uongo."

"Na kitako? Ni kirefu."

Kline akakipima dhidi ya mkono wa Rosella kuanzia kiwiko hadi kidole, akachukua msumeno, akakipunguza upana wa vidole viwili mbele yetu, kama anayekata ubao wa rafu.

Kisha akatupeleka nyuma, kwenye kilima cha mchanga. Yeye ndiye aliyekuwa akitia risasi, Rosella akipiga. Mara ya kwanza, mlio. Mara ya pili, mlio. Mara ya tatu ikasikika tik tu, na mtutu ukaruka chini kama umepigwa kofi. Kline alikuwa ametia ganda tupu. Bunduki haikufanya kitu. Ni Rosella aliyeruka, macho ameyafumba, uso umekunjamana.

"Umenihadaa!"

"Nimekuonyesha."

"Nimekuja kununua bunduki, sikuja kufanywa kichekesho! Nimeshafanywa kichekesho cha kutosha!"

"Hakuna anayecheka hapa," Kline alisema. Ni kweli, hakuna aliyekuwa akicheka. "Hiyo magnamu imekufundisha kuogopa. Kukosa hukukosa wewe, mama. Ulipigwa kabla hujapiga. Sasa tutakufundisha upya."

Ganda tupu lilimeta mkononi mwake. Nilidhani Rosella ataondoka. Aliikunja bunduki, akamsogezea Kline bila kumtazama.

"Tia nyingine. Na usiniambie ipi ni ipi."

Alikwenda kila Jumamosi hadi majani yalipopukutika. Nilikuwa nasikia kutoka kwenye bustani yangu: mlio, mlio, kimya, mlio. Kufikia Oktoba, Kline aliniambia, alipotiliwa ganda tupu mtutu haukutikisika hata kidogo, na jicho lilibaki wazi.

Siku ya kwanza ya msimu iliangukia Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Rosella aliniomba nimpeleke kambini, nikakaa jikoni na sufuria ya maharagwe, kwa kuwa mimi siwindi. Lile shati alilivaa vilevile, limekatwa nyuma, ubaridi ukimpanda mgongoni. Merle aliitazama bunduki yake.

"Umeitoa wapi, shemeji, kwenye boksi la nafaka, kama vile vitu vya kuchezea vya watoto?"

"Kaa nayo mbali. Ina risasi moja tu na sijaamua ni ya nani."

Watu walicheka, lakini Merle alichelewa kidogo kucheka.

Saa nne asubuhi Merle na wenzake kadhaa walikuwa wamerudi kunywa kahawa niliposikia mlio kutoka upande wa kijito. Mdogo, mkavu, kama ubao kukatika. Mmoja.

"Ile ya kitoto," Merle alisema. Tukasubiri wa pili. Haukuja. "Amekosa, na hana nyingine ya kurudia," akasema, akajimiminia kahawa.

Rosella aliingia baada ya nusu saa, mikono imejaa damu hadi kwenye vifundo, theluji magotini. Alikuwa ameangusha jike moja, nono, kwa hatua hamsini, risasi nyuma tu ya bega. Hakuwa akitabasamu.

"Nyundo iko wapi?"

Merle aliweka kikombe chini. "Shemeji, ile sheria nilikuwa natania. Hakuna kipande kinachotoka."

"Uliisema mbele ya watu wanane."

Wale waliokuwemo walitazama kahawa zao. Rosella alipata nyundo chini ya sinki, akapanda juu ya benchi, akang'oa misumari minne ya kipande chake, mmoja mmoja, akiacha alama za vidole vyekundu ukutani. Vile vinne vya Clifford hakuvigusa.

"Rosella," Merle alisema. Sikumbuki kumsikia akimwita kwa jina kabla ya hapo. "Ulikuwa mzaha tu."

"Najua. Nilikusikia ukicheka."

Alikishona kipande kwenye shati usiku uleule. Moshi wa mwaka mzima ulikuwa umekigeuza cha kahawia, na wino haukutoka, basi akakigeuza ndani nje, jina likawa upande wa mgongo wake. Ukimwona kwa nyuma utadhani amevaa mashati mawili.

Tulifunga nyama pamoja siku mbili. Soseji za kulungu hugawiwa, na kila kifurushi huandikwa jina la atakayepewa. Aliandika Kline, akaandika langu, akaandika kanisa. Kila mwaka, tangu aolewe, kifurushi cha kwanza kilikuwa cha Merle.

"Na Merle?" niliuliza.

Alifunika kalamu, akaifungua tena, akaitazama ncha yake.

"Bado," alisema, na kukifunga kifurushi kilichofuata bila jina.