Kamari Sebuleni Kwangu

Mume wangu alikwenda Mombasa kununua baiskeli, akarudi na elimu. Alishinda siku mbili kwenye nyumba ya kamari, akagundua kwamba matajiri hawatoki jasho. "Mchezaji hushinda na hushindwa," aliniambia, "lakini nyumba haishindwi." Baiskeli, bila shaka, sikuiona.

Msimu wa karafuu ulipoingia, sebule yetu mtaani Jadida ikageuka nyumba ya kamari. Wachumaji walicheza kwa karafuu zao. Kulikuwa na dadu, na kulikuwa na karata tatu: mbili nyeusi na bibi wa kopa, zote kifudifudi, kazi yako kumtafuta bibi. Aliyezichezesha ni binamu ya mume wangu kutoka Unguja, mcha Mungu mwenye vidole vyepesi mno. Kila mshindi aliiachia nyumba kibaba kimoja. Mgeni aliachiwa ashinde mara ya kwanza, binamu akishangilia mpaka wapita njia wasikie. Madirisha yalifungwa ili mtu asijue jua limefika wapi. Chai ilikuwa bure, maana anayekunywa hanyanyuki. Mpishi wa chai hiyo ya bure nilikuwa mimi.

Siku moja baada ya adhuhuri akaja mzee mmoja wa Makangale, mpasua mbao, mpole. Akarusha dadu, akashinda. Akashinda tena. Mwenye nyumba mwenye akili angemtakia safari njema. Wangu akakunja kanzu, akaketi kucheza naye.

Zikaenda karafuu zote. Likaenda koti. Nami nyuma ya pazia nikamsikia mume wangu: "Basi naweka kitanda."

Nikatoka na birika mkononi. "Kitanda nilikuja nacho kutoka kwetu, bwana. Weka kilicho chako."

Mume wangu akatazama huku na huku, asione kilicho chake.

Yule mzee akaniinamishia kichwa. "Bi, kitanda sikitaki. Kwangu kipo." Akafunga gunia lake, akavaa koti, likamkaa vizuri kuliko lilivyomkaa mume wangu, akaaga kwa adabu.

Siku tatu nzima mume wangu alinieleza kwamba nyumba haikushindwa, aliyeshindwa ni yeye. Nikamwambia nimefahamu. Binamu akapanda meli na karata zake.

Msimu uliobaki msomi wangu aliumalizia Mgogoni, akichuma juu ya mikarafuu ya watu. Jioni ya kwanza alirudi mikono imechubuka. Nilimwonea huruma kweli, nikampaka mafuta ya nazi. Jioni ya pili nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.