Aliyebaki kwenye Injini

Joram Oketch alizaliwa Yala kabla reli haijafika huko. Baba yake alikuwa miongoni mwa wanaume waliobeba udongo kwa makarai kujenga tuta la njia ya kutoka Kisumu kwenda Butere. Siku treni ya kwanza ya abiria ilipoingia Yala, baba huyo alimbeba mwanawe mabegani ili aone vizuri. Injini ilipopiga honi, nusu ya watu walikimbilia kwenye mtama. Baba yake alisimama palepale, kwa sababu alikuwa amewaambia majirani kwamba yeye kitu kile anakijua.

Joram alikua akiisikiliza treni ile. Ilibeba akina mama na vikapu vyao vya samaki, ikabeba walimu wa Maseno, ikabeba na maharusi. Alipokuwa kijana aliajiriwa Kisumu kusafisha injini, kisha akapandishwa kuwa mchochea moto, yule anayesimama kando ya dereva na kuhakikisha boila haikosi mvuke. Dereva wake alikuwa Bildad Gichuki, mtu wa Murang'a, mrefu, mcheshi, aliyejifunza Kiluo cha kutosha kumwita Joram "osiepna", yaani rafiki yangu. Waliishi jirani katika nyumba za reli. Mke wa Gichuki, Mwihaki, na Dorca, mke wa Joram na mama wa Ouma, walipikiana na kuleleana watoto. Safarini Gichuki alikuwa akisema, "Hebu nipe ile ya baba yako na honi," naye Joram anasimulia upya.

Asubuhi moja, miaka michache kabla ya uhuru, walikuwa wakiteremka kuelekea Kisian na mabehewa yaliyojaa watu wa soko. Bomba moja la mvuke likapasuka ndani ya chumba cha injini. Kufumba na kufumbua kote kukawa kweupe, hakuna anayemwona mwenzake. Gichuki akaruka nje. Joram aliona buti lake likitoka mlangoni. Treni ikazidi kushika kasi kwenye mteremko, haina dereva. Joram akatumbukiza mkono wa kulia katikati ya mvuke, akatafuta kwa kupapasa ule mkono wa chuma unaofunga mvuke, akaufunga, kisha akakazana na breki ya mkono mpaka gari likasimama. Abiria walidhani limesimama kwa kawaida tu. Wengine waliteremka kujinyoosha.

Mzungu mkubwa wa reli alipokuja kuuliza, Joram alikuwa amelala hospitali, ngozi imembambuka kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole. Alisema dereva alirushwa nje na nguvu ya mvuke. Hakuna aliyemtuma kusema hivyo. Alijua tu kwamba dereva anayeruka hufukuzwa, na Magdalene, binti wa Gichuki, alikuwa bado ananyonya. Gichuki akabaki na kazi. Joram aliporudi nyumbani, Mwihaki ndiye aliyemfunga vitambaa kila siku na kumlisha kijiko kwa kijiko pale Dorca alipokuwa shambani. Vidole havikukunjika tena sawasawa. Mambo yale hawakuyazungumza kamwe.

Miaka ikapita. Injini za mvuke zikaondolewa, zikaja za dizeli. Wote wawili wakastaafu. Joram akahamia Manyatta, Gichuki akafungua duka Kondele, mitaa miwili ya Kisumu. Mwaka 1988 kamati moja ya mjini ikaandaa sherehe ya kukumbuka treni za zamani. Walimwendea Joram kwanza wakitaka azungumze. Yeye Kiswahili chake kilikuwa cha kukwaruza na watu wengi walimtia haya, basi akawaambia wamwendee Gichuki. Alisema huyo ana ulimi, tena anayajua yote.

Joram na Dorca walikaa safu ya tatu. Gichuki alisimama akasimulia tuta la Yala, makarai ya udongo, watu waliokimbilia mtamani. Joram alitabasamu kusikia maneno yake mwenyewe yakipendeza vile kinywani mwa mwenzake. Halafu Gichuki akafika kwenye mteremko wa Kisian.

Alisema bomba lilipasuka na mchochea moto wake, kijana mzuri ila mwoga, akaungua mkono kidogo akaruka. Yeye dereva akawafikiria akina mama waliokuwa nyuma na watoto wao, akabaki. Watu walipiga makofi wakasimama. Dorca alimshika Joram paja. Mbele yao Mwihaki naye alikuwa amesimama, anapiga makofi.

Kesho yake Joram alikwenda dukani Kondele. Gichuki alimkaribisha kwa furaha, akamwagiza chai. Joram hakuigusa.

"Kwa nini, Gichuki?"

Gichuki aliangalia barabarani. "Wewe mwenyewe ulisema sikuwa ndani. Watu wangeuliza dereva alikuwa wapi, ningewajibu nini?"

"Ungewajibu nilivyojibu mimi."

Gichuki akasema ni maneno ya sherehe tu, watu watasahau. Joram akamgeukia Mwihaki, aliyekuwa akipima sukari amewapa mgongo.

"Mama Magdalene, mkono huu ulikuwa unaufunga wewe."

"Baba Ouma," akasema Mwihaki bila kugeuka, "yule ni mume wangu."

Joram alitoka. La Gichuki angeweza kulimeza, maana hofu alikuwa amekwisha kuiona siku ile mlangoni mwa injini. La Mwihaki lilikataa kushuka.

Watu hawakusahau. Vijana wa Manyatta wakamwita Mzee Ruka, na hata kanisani mtu alimtania kwa jina hilo. Dorca alitaka kwenda sokoni kusema ukweli kwa sauti. Joram akamkataza, akisema nani angemwamini mke. Mwishowe walirudi Yala. Wajukuu walipomwomba hadithi za treni, aliwaambia hazijui.

Mwaka 1995 Magdalene alikuja Yala, mtu mzima, amevaa nguo nyeusi. Baba yake alikuwa amefariki. Alisema familia ingependa Baba Ouma asimame kwenye mazishi, awaeleze watu yale dereva aliyoyafanya Kisian. Alikuwa akiongea kwa heshima, na Joram akaona kwamba hajui kitu.

"Mama yako ndiye aliyekutuma?"

"Ndiyo. Alisema wewe hutakataa."



"Mwambie mama yako kwamba baba yako nilimsemea mara moja," akasema Joram. "Sitarudia."

Magdalene hakuelewa, lakini hakuuliza zaidi. Dorca alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akamkuta mumewe amekaa vilevile. Akamuuliza kama sasa moyo umetulia.

"Hapana," akasema Joram, akaomba maji ya kunywa.