Mbaazi Kwenye Sahani ya Pili

Juzi, katika hoteli moja ya Masii, nilimwona baba akimbana taya mwanawe aliyetaka wali mtupu, ili ameze maharagwe. Mara nikasikia harufu ya mbaazi mbichi, ingawa hapakuwa na mbaazi.

Mdogo wangu Mutua ana usonji, neno ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyelijua. Utotoni alikula ugali mweupe tu. Mchuzi ukiugusa, alilia hadi akatapika. Alasiri moja tulikuwa uani tukimenya mbaazi, na mama akamwekea sahani ya pili, kando ya ugali, yenye mbaazi tatu zilizochemshwa. Mutua alizibonyeza, akazinusa, akazipanga mstari.

"Wifi, chakula hakichezewi," shangazi alisema. "Mnyime siku mbili, atakula hata mawe."

"Kwangu kinachezewa. Wewe umekuja kusalimia ama kututawala?"

Nilinuna. Mimi nilikuwa nikichapwa kwa kuchezea chakula, kwa hiyo niliamini mama alimwogopa Mutua. Sasa, baada ya kujisomea kuhusu usonji miaka mingi, najua vidole vyake vilikuwa vikianza kula.

Mutua aliweka mbaazi moja ulimini, akaitema. Shangazi akacheka.

"Si nilikuambia?"

Mama aliiokota, akamwonyesha shangazi. "Imefika mdomoni. Jana haikufika." Akaweka nyingine mahali pake.

Hotelini niliomba sahani tupu, nikaipeleka mezani kwa yule baba, nikaiweka kando ya wali wa mwanawe.

"Kwani wewe ni nani?" akaniuliza.

"Dada ya mtu anayekula mbaazi."