Aliniambia nifute ujumbe wa kwanza, nikafuta wa pili

Nimekosa. Naanza na hilo, maana nikianza na maelezo nitaishia kujitetea, na kichwani mwangu nimejitetea kwa zaidi ya miaka miwili. Msiniulize jina. Jueni tu kwamba mimi ni fundi cherehani hapa Lushoto, umri wangu miaka arobaini na sita, naishi na mama yangu mzazi huku juu Magamba. Na huyo mama ndiye niliyemkosea.

Nilifanya kwa wivu. Ingekuwa wivu wa mume ningejielewa. Huu ulikuwa wivu juu ya mdogo wangu, tumbo moja.

Nitamwita Rehema, ingawa si jina lake. Aliolewa na Mfaransa aliyekuja kutembea milimani kwetu, wakaenda kuishi huko Ufaransa. Mimi ndoa yangu ilikuwa imekwisha, na baba alipofariki nikarudi nyumbani na cherehani yangu, nikaiweka barazani. Miaka kumi na moja hiyo. Anayempeleka mama kliniki ni mimi. Anayemchemshia maji ya kuoga asubuhi za ukungu ni mimi. Lakini Rehema akipiga simu Jumapili, mama anajifunga kanga mpya na kucheka kicheko ambacho mimi sijawahi kumchekesha.

Jamani, inauma! Napika kila siku na hakuna anayesema hata chumvi imekaa sawa. Mwenzangu anatuma picha ya theluji, inaongelewa wiki nzima mpaka kwa majirani.

Sasa mama yangu ana udhaifu mmoja: anapenda safari. Baba alikuwa dereva wa fuso, akipeleka kabichi na karoti Dar, na mara nyingi mama alipanda naye akakaa dirishani. Kona zote za kushuka Mombo anazijua, na kila moja kaipa jina. Baba alipofariki, safari nazo zikafa. Tangu hapo mama hakwenda mbali zaidi ya hospitali.

Kwa hiyo siku Rehema aliposema anamtaka mama Ufaransa mwezi wa saba, ambao kwao ni kiangazi, mama hakuamini. Mpango ulikuwa wamtoe Paris kwa gari mpaka kusini kabisa, baharini, kwa wakwe zake Rehema. Siku mbili njiani, na kulala mara moja katikati.

"Kwa gari?" mama akauliza. "Sio ndege?"

"Ndege mpaka Paris, mama. Kuanzia pale ni gari. Naendesha mwenyewe, wewe unakaa mbele, dirishani."

Mama akatazama picha ya baba ukutani. "Baba yenu angelisikia hili," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Mimi nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja. Nikaendelea kupiga pasi.

Mipango ilichukua miezi mitatu, na yote ilipita kwenye simu yangu, maana ya mama ni ya kubonyeza tu. Rehema aliniuliza kila kitu. Goti la mama linavumilia muda gani? Gari linamtapisha? Njiani anywe nini? Nami nilijibu, kwa sababu nayajua. Goti linataka kunyooshwa kila baada ya saa mbili. Maziwa safarini yanamchafua tumbo, mpe chai ya rangi. Rehema akayaandika kwenye karatasi, akanitumia picha yake: hapa tutasimama, hapa tutakula, hapa kuna kivuli. Karatasi nzima ilijaa maarifa yangu. Mimi nilitajwa mara moja tu, chini kabisa: dada atamsindikiza mama uwanja wa ndege.

Mama akaanza mazoezi. Anavuta kiti dirishani, anakaa saa mbili, anainuka, anatembea mpaka kwenye mipeasi, anarudi. "Nimefika wapi?" ananiuliza. Naangalia karatasi. "Umefika pa kunywa chai, mama." Anacheka peke yake.

Akaniomba nimshonee gauni la safari lenye mifuko miwili mikubwa, mmoja wa leso na mmoja wa peasi za kumpelekea mkwewe. Nikamshonea. Kila nikikanyaga cherehani moyo unaniambia, wewe unashona, mwenzio ndiye atakayekaa naye garini.

Sasa sikieni nilivyoharibu.

Ilibaki habari ya kulala. Jumanne moja Rehema akanitumia ujumbe wa sauti. "Dada, shemeji yako ana wazo. Tuazime lile gari lenye vitanda ndani. Tukifika katikati tunaegesha, tunalala humo humo wote watatu. Nitaweka pazia."

Watu wa kwetu mmeshaelewa. Mama na mkwewe! Shemeji alipokuja kwa ajili ya ndoa, mama alihamia kwa jirani siku nne ili asilale chini ya paa moja naye. Mama yangu akikutana na mkwe njiani anapisha pembeni na kuinamisha macho. Leo umlaze naye garini, pazia tu katikati, asikie anavyokoroma, akitaka kwenda haja amruke miguu? Hata umpe Ufaransa yote, haendi.

Kabla sijajibu, ukaingia ujumbe wa pili. Rehema anacheka. "Dada, ufute huo wa kwanza. Nimejisahau mimi ni mtoto wa nani! Nimepata nyumba ya bibi mmoja kijijini, ina chumba cha pembeni chenye mlango wake wa nje na choo chake. Mama atalala peke yake, na ufunguo wake mkononi. Mwambie asiwe na wasiwasi."

Aliniambia nifute wa kwanza. Nikafuta wa pili.

Kisha nikamwita mama, nikamwekea ule wa kwanza asikilize. Mimi sikuongeza neno. Nilijiambia, simdanganyi, si sauti ya Rehema mwenyewe? Mama akaomba niurudie. Nikamrudishia.

"Wote watatu?" akauliza.

"Ndivyo alivyosema, mama."

Akakunja pindo la kanga, akalikunjua. Mwisho akasema, "Mwambie miguu inaniuma. Usimwambie kingine. Atafedheheka mbele ya mumewe."

Hapo ndipo palipokuwa na ubaya wangu wote. Nilijua mama hatamtamkia binti yake habari ya kulala na mkwe. Nilijua ataona haya, atameza, atasingizia miguu. Heshima ya mama yangu ndiyo niliyoifanya fimbo ya kumchapia.

Rehema alilia kwenye simu. "Mama, tutasimama kila unapotaka. Nitakukanda." Mama akamjibu, "Mwakani, Mungu akipenda." Muda wa viza ukapita. Gauni likaingia sandukuni.

Na mimi nilifurahi. Nasema kweli, sina sababu ya kuwaficha. Wiki ile nilikunywa chai na mama barazani, nikaona sasa ni wangu. Mwezi wa nane Rehema akatuma picha ya kile chumba cha njiani, maana wao walisafiri. Alikuwa ametandika kitandani kanga ambayo mama alimpa alipoolewa. Ameandika, mwonyeshe mama alipopakosa. Sikumwonyesha.

Mwaka uliofuata mama akaanza kumimina chai nje ya kikombe. Nikamgombeza, nikadhani ni uzee. Akajikwaa kwenye ngazi anayoipanda miaka arobaini. Nikampeleka hospitali, daktari akasema ni presha ya macho, imemla taratibu kwa muda mrefu, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Wangejaribu kulinda kilichobaki. Kilichobaki nacho hakikukaa. Kufika mwezi wa kumi na mbili mama alikuwa anatutambua kwa sauti.

Rehema akaja na mumewe. Shemeji, bila kuambiwa na mtu, alikwenda kupanga chumba nyumba ya wageni mjini. Sisi watatu, mama na binti zake, tulikaa jikoni tunamenya viazi.

"Ndiyo maana nilikuwa na haraka na ile safari, mama," Rehema akasema huku analia. "Uliponiambia macho yameanza kufifia, nilisema lazima uone njia kabla hayajafika mbali."

Kisu changu kikasimama. "Alikwambia lini?"

Mama ndiye aliyejibu. "Jumapili moja uliniachia simu ukaenda kumpima mteja. Nilimwambia dirisha naliona lina ukungu hata jua likiwaka."

"Mbona mimi hukuniambia, mama? Si mimi ndiye ninayekaa na wewe?"

"Una mzigo wa kutosha, mwanangu. Nisingekuongezea mwingine."

Miaka yote nilidhani anamficha Rehema mazuri yangu. Kumbe alikuwa ananificha mimi maumivu yake ili nipumzike. Nikatamani ardhi ipasuke.

Lakini Rehema alikuwa hajamaliza. Hakujua anachokisema. "Na kile chumba nilichokutafutia njiani, mama, kizuri hicho! Asubuhi unafungua mlango wako unakuta mashamba ya zabibu."

"Chumba gani?" mama akauliza.

"Si kile chenye mlango wake. Nilimwambia dada akwambie."

Rehema akanitazama. Mama haoni, lakini aligeuza uso ukaja sawasawa pale nilipokaa.

"Kumbe kulikuwa na mlango," akasema.

Nilipiga magoti pale pale kwenye maganda, nikasema yote kama nilivyowaambia ninyi. Rehema akatoka nje. Mpaka leo tunaongea habari za dawa tu. Mama akasema, "Nimekusamehe. Menya viazi, mgeni ana njaa." Ningependa angenipiga.

Kesho yake akaomba gauni lake sandukuni. Akasema anataka kushuka Mombo. Rehema aliazima gari akaendesha, mama mbele dirishani, mimi nyuma. Shemeji alibaki. Mama alizitaja kona kwa jinsi mwili unavyoyumba, hakukosea hata moja. Tulipofika Soni akasikia maporomoko, akaomba tusimame.

"Maji ni mengi?" akauliza.

"Ni mengi, mama," nikamjibu haraka, nafurahi kwamba angalau hili naweza kumpa.

Akatikisa kichwa kidogo, akageukia upande wa pili. "Rehema, maji ni mengi?"

Ndugu zangu, wewe uliyebaki na mzazi wakati wenzako wako mbali, najua unachoka, na najua husifiwi. Sema umechoka. Lia, nuna, gombana na ndugu zako wazi wazi, mtapatana. Ila ukipewa neno umfikishie mtu, mfikishie lote. Usichague nusu inayokupendeza. Mimi nilichagua, na mama yangu hakuiona njia aliyoisubiri tangu baba afariki. Hataisubiri tena, kwa sababu macho hayapo.

Rehema alirudi Ufaransa. Ujumbe wake kwa mama bado unakuja kwenye simu yangu, na kila Jumapili namwekea asikilize, sauti juu, simu karibu na sikio lake. Hanisemi, hanisimangi. Anasikiliza mpaka mwisho, anasubiri kidogo, halafu ananiuliza swali lile lile.

"Ndiyo yote aliyosema?"

"Ndiyo yote, mama."

Anashika simu mkononi, haoni kitu, anapapasa kioo kwa kidole gumba kama anayetafuta ujumbe mwingine uliobaki.